Kuvunja Mbele ya Shemeji

Kaka wa mpenzi wangu alinipigia simu kutoka Homa Bay jioni moja nikiwa ninasahihisha mitihani ya dini. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuzungumza. Aliniuliza habari za Migori, za mvua, za kazi, na zote nilizijibu vizuri. Kisha akauliza, "Na pool unacheza?"

Mtu mwenye akili timamu angesema "kidogo" na kuishia hapo. Mimi nina shahada ya falsafa.

"Kidogo," nikasema. "Lakini kuvunja, hapo ndipo mahali pangu."

"Kuvunja?"

"Ule mpigo wa kwanza. Wengine wanapenda kumalizia, mimi napenda kuvunja."

Nilimsikia akitafuna kitu, labda muwa. "Hiyo ni nzuri," akasema. "Hapa kwangu nina meza. Wengi wanaokuja hawajui kuvunja, wanaigusagusa mipira kama wananunua avokado. Shule zikifungwa uje. Nitakupangia mwenyewe, nikuone."

Nimweleze yeyote ambaye hajawahi kusimama karibu na meza hiyo. Mipira ya rangi hupangwa ikabanana ndani ya pembetatu upande mmoja. Upande wa pili huwekwa mpira mweupe. Anayeanza huupiga mweupe kwa fimbo, nao ukaenda kuigonga ile ya rangi ikatawanyika, na bahati ikiwepo mmoja wao ukatumbukia katika mfuko wa meza. Huko ndiko kuvunja. Ukivunja vizuri, mchezo unakufungukia. Ukivunja vibaya, mipira inabaki imekumbatiana pale pale, na mpinzani wako anakutazama kwa huruma.

Mimi sikuwa nimewahi kuvunja vizuri maishani. Chuoni nilikuwa yule mtu anayesimama kando ya meza akiwaeleza wachezaji walipokosea.

Jambo hili lingekuwa la kucheka tu kama huyu kaka angekuwa kaka tu. Lakini baba yao alifariki zamani, na yeye, mzaliwa wa kwanza, ndiye mdomo wa nyumba. Yeye ndiye angepeleka habari zangu kwa mama yao na kwa baba zake wadogo, na asipozipeleka, hakuna siku ambayo mimi na wazee wangu tungefika pale kujitambulisha. Na habari zangu zilihitaji mpelekaji mwenye nguvu. Mimi ni Mkuria wa Kehancha niliyelelewa Migori mjini. Wao ni Wajaluo wa ziwani. Baba mdogo mmoja alikuwa ameshauliza kama wanaume wa Homa Bay wamezama wote.

Nilimpigia mpenzi wangu kulalamika. Yeye hufanya kazi ya maabara hospitalini, na ana tabia moja ngumu, ya kutaka ushahidi.

"Hakuna uhusiano wowote kati ya mpigo wa pool na ndoa," nikamwambia.

"Nani kasema upo?"

"Kaka yako anataka kunipima."

"Kaka yangu anapenda pool. Alikuuliza kama unacheza. Wewe ndiye uliyemwambia unavunja."

"Nilikuwa najibu swali."

"Swali lipi? Hebu lirudie."

Sikulirudia. Nilimweleza badala yake kwamba desturi nyingi za kumpima mkwe zimetokana na hofu ya familia kupoteza binti, na kwamba zikichunguzwa vizuri hazina msingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, ana subira hiyo, kisha akasema, "Sawa. Sasa nenda ujifunze kuvunja."

*

Migori kuna meza nyuma ya duka moja la vifaa vya ujenzi, chini ya paa la mabati, kwa mama mmoja anayeuza chai na mandazi. Siku za kazi huwa kimya. Jumapili alasiri hujaa wachimbaji dhahabu kutoka Osiri, vijana wenye mabega kama milango, ambao wiki nzima wamekuwa wakipasua mwamba na sasa wanakuja kupasua mipira. Nilianza kwa kuwaiga wao, kwa sababu niliamini kuvunja ni nguvu. Kila mtu huamini hivyo. Na mimi, ambaye hujisifu kwamba sikubali jambo eti kwa kuwa kila mtu analiamini, hili nililikubali bila swali hata moja.

Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Ikabainika kwamba nguvu zangu zote si nyingi. Ncha ya fimbo iliteleza juu ya mpira mweupe, mpira ukajikokota kando kama mlevi anayetafuta ukuta, ukagusa ukingo, ukatulia bila kuikaribia pembetatu.

"Mwalimu," mchimbaji mmoja akasema, "hujaivunja. Umeisalimia."

"Muache," mwenzake akasema. "Si anafundisha dini? Anaipa nafasi ya kutubu."

Nilirudi nyumbani na kufanya kile ambacho sisi tuliosoma hukifanya tukishindwa na kazi ya mkono: nilikwenda kuisoma. Nilitazama video za wanaume waliovaa vizibao, katika kumbi zenye mazulia, wakieleza kuvunja. Mmoja alisema fimbo ishikwe kwa nguvu. Mwingine alisema ishikwe kama unavyoshika kifaranga. Mmoja aliuweka mpira mweupe katikati kabisa, mwingine akausogeza kando karibu na ukingo, na wote wawili walitabasamu kama watu walioiona nuru. Nilifurahi mno. Hakuna kinachonipa raha kama wataalamu kutofautiana. Nilimaliza siku nzima nikibishana nao peke yangu chumbani, fimbo ya ufagio mkononi.

Kisha nikaishuku chaki. Wachezaji wote niliowaona huisugua chaki kwenye ncha ya fimbo kabla ya kupiga, bila hata kutazama, kama watu wanaopiga ishara ya msalaba wakipita mbele ya kanisa. Nani amewahi kuthibitisha kwamba inasaidia? Nikaamua kucheza bila chaki, kwa ajili ya ukweli. Fimbo iliteleza. Nikapiga tena, ikateleza tena, na safari hiyo ikachana nyuzi kidogo za kitambaa cha meza. Mama wa mandazi akaja akasimama na kijiko chake kikubwa cha mafuta.

"Mwalimu, unafanya nini?"

"Ninachunguza chaki."

"Chunguza ukiwa kwako," akasema, akaniwekea kipande cha chaki kiganjani, akanifunga vidole juu yake kama mtoto anayepewa dawa.

Chaki ilishinda. Nilijifariji kwamba sasa angalau nilikuwa najua kwa nini ninaitumia, tofauti na wale wengine. Wale wengine walikuwa wanashinda michezo.

Siku moja nikaegemeza simu yangu kwenye chupa ya chai, nikajirekodi nikivunja. Nawashauri watu wote wenye maoni mengi juu ya dunia wajirekodi hivyo mara moja tu. Kwenye video kuna mtu mwembamba aliyeinama vizuri, mguu mmoja mbele, uso wa mfikiri. Anavuta fimbo nyuma. Halafu, anapoisukuma mbele, anaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto, kiwiko kinaenda kaskazini, kichwa kinaenda kusini, na macho yake yamefumbwa. Niliirudisha nyuma nikaitazama tena, polepole. Macho yalikuwa yamefumbwa kabisa. Mtu anayehoji kila kitu, na tukio lenyewe likifika hataki kuliona.

Kuanzia hapo, nakiri, nilianza kujifunza kweli. Niliacha kutafuta nguvu. Nilijifunza kuilegeza mikono, kuinama na kubaki nimeinama, kuutazama mpira wa mbele wa ile pembetatu na kutouachilia kwa macho mpaka nisikie mlio. Nilijifunza kwamba mipira ikipangwa ikiwa na upenyo hata mdogo, nguvu ya mpigo hupotelea humo humo, kwa hiyo nikawa ninaibana mbele kwa vidole, ninaikagua, ninaibana tena. Mama wa mandazi alisema ninapanga kama ninayetandika kitanda cha mgeni. Nilijifunza kupiga kwa ulaini mwanzoni na kuongeza kasi mwishoni, kitu ambacho ukielezwa kinaonekana rahisi na ukikifanya unajisikia kama unayejifunza kutembea upya.

Na siku moja ikatokea. Mweupe uliondoka, ukaingia katikati ya ile mingine, ukaisukumia pembe zote za meza, na mmoja ukatumbukia mfukoni kwa sauti nzito ya kuridhisha. Siku iliyofuata ikatokea tena. Jumapili wachimbaji walipokuja, nilivunja mbele yao, na yule wa kwanza akatoa kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

"Leo mwalimu ameivunja," akasema.

"Ametubu yeye," mwenzake akasema.

Sikutulia na sifa hizo kama mtu wa kawaida. Nilitengeneza nadharia. Nilisema kwamba siri ya kuvunja ni kuondoa hofu, kwamba mwili hufuata macho na macho hufuata ukweli, na nikaieleza katika chumba cha walimu kwa sauti ya mtu aliyetoka mlimani. Mwalimu wa hesabu akaniuliza kama nadharia hiyo inafanya kazi kwenye meza nyingine. Nikamwambia nadharia ikiwa sahihi haijali meza. Naona aibu kuandika sentensi hiyo, lakini niliisema, tena nikiwa nimekunja nne.

*

Shule zilipofungwa nikaenda Homa Bay.

Kaka huyo hutengeneza simu. Duka lake liko katika mstari wa maduka yenye veranda ya pamoja, ziwa likionekana kidogo kati ya majengo ya upande wa pili wa barabara. Meza ya pool iko nje, chini ya paa la veranda, na mlango unaofuata ni wa fundi wa nguo, ambaye magauni yake hutundikwa mbele kama pazia. Nilimkuta kaka akiwa amepasua simu ya mtu, kioo kidogo jichoni. Ni mtu mpana, mtulivu, mwenye sauti ya chini. Njia nzima nilikuwa nikifikiri nimwite nani. "Shemeji" lingekuwa kujipa kitu ambacho sijapewa. "Kaka" lilionekana kavu. Nilipofika mbele yake nikasema, "Shikamoo, mkubwa," na papo hapo nikajuta, kwa sababu hanizidi umri kwa mengi.

"Marahaba," akajibu, bila kucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Karibu, omera. Mvua imewaacha?"

Omera ni jina ambalo Mjaluo humwita mwanamume yeyote, hata anayemuuzia karanga. Nilikaa. Nikaletewa soda. Tukaongea juu ya bei ya vioo vya simu, juu ya Kehancha, juu ya tumbaku, juu ya samaki walivyoadimika. Kijana wa boda boda aliyekuwa ameegesha pale akatusogelea kusikiliza.

"Huyu ndiye wa Migori?" akauliza.

"Ndiye."

"Mkuria?"

"Niko hapa," nikasema. "Unaweza kuniuliza mimi."

"Nauliza tu, boss. Nilisikia unavunja. Mazizi ya ng'ombe ndiyo najua mnavunja. Pool sikujua."

Kaka alicheka kidogo kwa pua. Kisha akaweka chini kile kioo chake, akaniambia kwa ule utulivu wake, "Leo nyumbani huendi, unaelewa. Mama hutamwona mpaka uje na wazee wako, kama nitakuwa nimezungumza na wa kwetu. Ndiyo maana nimekuita hapa dukani. Yeye yuko kanisani, mazoezi ya kwaya."

Nilielewa vizuri sana. Kwao na kwetu, mkwe na mama mkwe wana umbali wao. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali meza moja. Mama akiwa na kitu cha kumpa mkwe, hakipitishi mkono kwa mkono. Hukiweka mahali, akasogea, na mkwe akakichukua. Nimesikia kwamba babu yangu, akimwona mama mkwe wake anakuja njiani, alikuwa akiiacha njia na kuingia kwenye shamba la tumbaku, akasimama humo mpaka apite, hata kukiwa na umande. Chuoni nilisimama katika mdahalo mmoja wa bweni nikaishambulia desturi hiyo karibu saa nzima. Nilisema inamgeuza mama mzima kuwa kitu cha kuogopwa. Nilisema mimi nitamkumbatia mama mkwe wangu. Watu walipiga makofi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mama mkwe.

"Naelewa," nikamwambia kaka.

"Sawa. Hapa kwangu mgeni ndiye anayevunja." Akainuka, akakusanya mipira ndani ya pembetatu, akaibana kwa vidole vyake vya kutengeneza simu, akaiondoa pembetatu bila hata mmoja kutikisika. Hata mimi sijawahi kuipanga vizuri hivyo. Kisha akasogea nyuma, akaegemea nguzo, akakunja mikono. Yule wa boda boda, ambaye ndiye angecheza nami, akatoa kofia yake ya chuma na kuikalia.

Nilichukua mpira mweupe niuweke mahali pake, na mkono wangu ukajua kitu kabla yangu. Mpira ulikuwa mwepesi. Ule wa Migori haukuwa wa meza yake; wa asili ulipotea, mama wa mandazi akapata mwingine kutoka kwenye meza iliyokuwa imekufa, mkubwa kidogo kuliko wenzake na mzito, na ukipigwa huingia katikati ya mipira kama fahali anayeingia sokoni. Huu wa Homa Bay ulikuwa wa kawaida, sawa na wenzake. Niliupima kiganjani. Mtu yeyote angesimama hapo na kufikiri. Angeomba apige mara moja ya kujaribu. Lakini mdomo wa nyumba ulikuwa umeegemea nguzo unanitazama, na nadharia yangu haikujali meza.

Nikapaka chaki. Nikainama. Mikono ikalegea, macho yakashika mpira wa mbele, nikavuta pumzi ya mtu asiye na hofu, na kwa kuwa nilikuwa na hofu, nikaongeza nguvu kidogo juu ya ile niliyokuwa nimejifunza.

Nataka ieleweke kwamba niliupiga barabara, na macho yalikuwa wazi. Niliona kila kitu. Mweupe ulikwenda ukaugonga mpira wa mbele katikati kabisa, na badala ya kuingia ndani kama wa Migori, ukadunda, ukapaa. Ulipita juu ya wenzake wote bila kuugusa mwingine, ukapiga ubao wa meza, ukaruka nje, ukatua kwenye saruji ya veranda, ukadunda mara nyingine, ukapita chini ya magauni ya fundi wa nguo na kutoweka.

"Eh," yule wa boda boda akasema kwa upole. "Umevunja duka la watu."

"Ukiurusha, unaufuata," kaka akasema. "Ndiyo sheria ya hapa."

Nikaufuata. Niligawanya magauni kwa mikono, nikainama chini ya cherehani, na mpira nikauona umesimama kando ya viatu vyeusi vilivyong'arishwa, viatu vya kanisani. Nikainua macho. Kwenye stuli, nyuma kabisa ya nguo, mahali ambapo mtu hukaa akitaka kuona bila kuonekana, alikuwa ameketi mama mmoja mwenye leso mabegani. Alikuwa na uso wa mpenzi wangu, ule ule, isipokuwa umeongezwa miaka na mamlaka.

Nyuma yangu nikasikia kaka akija, kisha akisimama ghafla.

"Mama," akasema. "Si ulisema uko kwaya?"

"Imeisha mapema," mama akajibu, akitazama barabarani.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo babu yangu angelitoka kaburini kulizuia. Nilinyoosha mkono nimsalimie. Sijui kwa nini. Labda kilikuwa kile kiburi cha bwenini, labda mkono ulikuwa mbele tayari kwa sababu ya mpira. Ulibaki hapo hewani, umejaa vumbi la chaki ya buluu, na mama hakuuona. Yaani, hakuutazama hata kidogo. Aligeuza uso zaidi upande wa barabara, akainuka polepole, akauokota mpira kwa ncha ya leso, akauweka juu ya stuli aliyokuwa ameikalia, akasogea pembeni na kunipa bega. Kisha akamwambia fundi wa nguo, aliyekuwa amekaa kati yetu akiwa na pini mdomoni:

"Mwambie mpira wake uko hapo."

Fundi akatoa pini. "Mpira wako uko hapo," akaniambia, ingawa nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kumkanyaga.

"Mwambie asante," nikasema.

"Anasema asante."

"Mwambie apige polepole. Kuna watu wamekaa."

"Anasema upige pole..."

"Nimesikia," nikasema, kisha nikajirekebisha. "Mwambie nimesikia."

Niliuchukua mpira kwenye stuli kwa mikono miwili, sijui kwa nini miwili, nikatoka kinyumenyume katikati ya magauni. Kaka alinifuata. Tulirudi mezani. Kesi yote nilikuwa nimeshaiendesha kichwani mwangu: nimejisifu, nimeurusha mpira, nimemvamia mama siku nisiyostahili kumwona, nimemnyooshea mkono, naye ameukataa mbele ya watu. Nilifikiri jinsi ya kumwambia mpenzi wangu. Nilifikiri hata namna ya kulieleza kwa hoja, na kwa mara ya kwanza hoja haikuja.

"Samahani, mkubwa," nikamwambia kaka. "Sikujua yuko pale."

"Hata mimi sikujua." Aliuchukua mpira mweupe mkononi mwangu, akaufuta kwa shati lake. "Ulimpa mkono?"

"Nilinyoosha. Aliuacha."

"Alikutazama?"

"Hapana. Hata mara moja."

"Mpira alikupa mkononi?"

"Aliuweka kwenye stuli, akasogea."

Kaka akauzungusha mpira mkononi. Yule wa boda boda alikuwa anamtazama yeye, kisha mimi, kisha yeye.

"Mama yangu," kaka akasema hatimaye, "humpa kila mtu mkono. Wateja wangu wote anawapa mkono, anawauliza kwao wapi, mama yao yu hali gani. Hata yule aliyekuja kutukatia stima alipewa mkono, akapewa na chai."

Ilinichukua muda. Nina shahada, kama nilivyosema.

"Kwa hiyo..." nikaanza.

"Kwa hiyo baba zangu wadogo nitawapigia leo," akasema. "Nitaanza na yule wa maneno mengi."

"Pole, shem," yule wa boda boda akaniambia, na neno hilo akalisema kama kitu cha kawaida kabisa. "Sasa hata ukimkuta sokoni utakuwa unaruka mitaro."

Nilitaka kuuliza maswali. Nilitaka kujua kama kutotazamwa mara moja ni ushahidi wa kutosha, kama hakukuwa na maelezo mengine, kama pengine mama hakuwa ameona mkono wangu kwa sababu ya giza la nguo. Lakini kifuani nilikuwa na furaha ya kipumbavu, na yote ilitokana na mama mmoja kukataa kunisalimia. Wale waliopiga makofi bwenini wangeniona hapo wangedai makofi yao.

Kaka alikuwa ameshaipanga tena mipira, imebanana, haina upenyo. Akaniwekea mweupe mahali pake mwenyewe.

"Vunja tena," akasema.

"Si zamu yake sasa?" nikauliza, nikimwonyesha wa boda boda.

"Mgeni anavunja mpaka avunje."

Upande wa pili nikasikia miguu ya cherehani ikikwaruza saruji. Fundi alikuwa anaisogeza ndani, karibu na ukuta, na baada yake nikasikia stuli nayo ikisogezwa, lakini si mbali. Mama hakuwa ameondoka. Kati ya magauni mawili palikuwa na upenyo ambao mwanzoni haukuwepo.

Nikapaka chaki. Nikainama, nikaushika mpira wa mbele kwa macho, nikapiga polepole, kama nilivyoagizwa. Mweupe ulibaki mezani. Mipira mingi haikusogea.